Kabla hujajaza fomu ya chuo: msanifu majengo hufanya kazi gani hasa?

Jengo la ghorofa nne lilipoporomoka Kariakoo, jijini Dar es Salaam, asubuhi ya tarehe 16 Novemba 2024 na kuua zaidi ya watu 20, swali lililozunguka vijiweni na kwenye simu za watu lilikuwa moja: injinia alikuwa wapi? Wengine walimtaja mkandarasi, wengine wakaitaja manispaa, wengine wakamlaumu “aliyechora ramani”, na katika mazungumzo mengi watu hao wote waligeuzwa kuwa mtu mmoja asiye na jina. Hali ilikuwa hiyohiyo mwezi Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lilipoanguka katika Mtaa wa Indira Gandhi na kuua watu 36, na Wakenya nao waliuliza maswali ya aina hiyo mwaka 2016 baada ya jengo la makazi kuanguka Huruma, Nairobi.

Mkanganyiko huu hauishii kwenye misiba. Huingia hadi sebuleni, siku kijana aliyemaliza kidato cha sita anapomwambia mzazi wake kuwa anataka kusomea usanifu majengo na kujibiwa kwamba kuchora ramani ni kazi ya kijana yeyote mwenye kompyuta, au kwamba ni heri ajaze uhandisi kwa kuwa ni kitu kilekile. Mzazi anayesema hivyo hana nia mbaya. Hajawahi kuelezwa tofauti, na pengine nyumba anayoishi ilijengwa bila msanifu yeyote kuiona. Makala haya yanamlenga yeye pamoja na mtoto wake.

Tuanze na majina ya kazi zenyewe. Msanifu majengo, ambaye nyaraka za serikali ya Tanzania humwita mbunifu majengo na watu wengi humwita akitekti, ni mtaalamu anayeamua jengo liweje: likae vipi kwenye kiwanja, vyumba vipangwe kwa mtiririko gani, mwanga na hewa viingilie wapi, watu wapite wapi siku za kawaida na watokee wapi moto ukizuka, kuta na paa viwe vya nini. Maamuzi hayo huyaweka kwenye michoro na maelezo ya maandishi, kisha hufuatilia ujenzi ili kinachosimama saiti kiwe ndicho kilichokusudiwa. Mhandisi mihimili huuchukua ubunifu huo na kukokotoa namna utakavyosimama: msingi uende kina gani kwa udongo uliopo, nguzo ziwe na unene gani, nondo ziwe za milimita ngapi. Mkadiriaji majenzi huhesabu gharama kuanzia mchanga hadi vitasa, na hulinda fedha za mteja tangu zabuni hadi malipo ya mwisho. Mkandarasi ndiye anayejenga, akiwa na mafundi wake. Yule anayeitwa mtaani mchora ramani mara nyingi ni fundi sanifu, au kijana aliyejifunza programu ya kuchorea. Anaweza kuwa na mkono mzuri sana, lakini sheria haimruhusu kuubeba mradi kwa jina lake kama msanifu.

Tanzania imewagawa watu hawa katika bodi tatu. Wasanifu na wakadiriaji wako chini ya Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, inayofahamika kwa herufi zake AQRB na kuongozwa na Sheria Na. 4 ya mwaka 2010. Wahandisi wana bodi yao, ERB. Makandarasi wana yao, CRB. Ndiyo sababu kibao kinachosimikwa mbele ya saiti, kwenye uzio wa mabati, huwa na mistari mingi: mteja, msanifu, mhandisi, mkadiriaji, mkandarasi. Kibao hicho si cha kutangaza biashara tu. Kila mstari unamtaja mtu atakayeulizwa swali lake peke yake mambo yakiharibika, na uchunguzi wa haki wa jengo lililoanguka huanza kwa kutenganisha maswali hayo: je, matumizi ya jengo yalibadilishwa baada ya michoro kukamilika? Je, ziliongezwa ghorofa ambazo msingi haukuhesabiwa kuzibeba? Je, nondo zilizowekwa ndizo zilizoandikwa? Je, zege lilipewa siku zake za kukomaa kabla mbao hazijatolewa?

Ili kumweka msanifu mahali pake kati ya watu hao, mfikirie mwenyekiti wa kamati ya harusi. Hapiki pilau, hapigi muziki, haendeshi gari la maharusi wala hashoni magauni, na katika kila mojawapo ya kazi hizo kuna mtu anayemzidi ujuzi kwa mbali. Hata hivyo ndiye anayejua familia mbili zilitaka nini, michango iliyopatikana inatosha kwa kiasi gani, ukumbi unabeba watu wangapi, na ndiye anayeona mapema kwamba chakula kitakuwa tayari saa mbili kabla ya wageni kuwasili. Msanifu hukaa katikati ya mhandisi, mkadiriaji, fundi umeme, fundi bomba, halmashauri na mteja kwa namna hiyohiyo, huku akiwa amebeba kichwani sura ya kitu kizima ambacho bado hakijawapo.

Kubuni kwenyewe, yaani kiini cha kazi, ndiko kusikoeleweka zaidi. Watu wengi huiona ramani ya nyumba kama mpangilio wa masanduku: sebule hapa, jiko pale, vyumba vitatu, kimoja kikiwa na choo chake ndani. Tuchukue nyumba ya chini ya kawaida, mahali fulani Dar es Salaam. Jiji hili liko karibu na nyuzi saba kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la saa sita mchana huwa juu sana, likiegemea kaskazini au kusini kulingana na miezi, na upenu wa kiasi unatosha kulizuia lisiingie dirishani. Jua la asubuhi na la saa kumi jioni ni jambo jingine: huja likiwa chini, hupita chini ya upenu, hupiga ukuta moja kwa moja, na ukuta wa tofali za saruji ulioshiba joto la jioni huendelea kulitoa ndani ya chumba hadi usiku wa manane. Msanifu anayeujua mji huu huilaza nyumba ili pande zake ndefu zitazame kaskazini na kusini, huweka stoo, bafu au ngazi upande wa magharibi, na huviepusha vyumba vya kulala na upande huo kadiri kiwanja kinavyoruhusu. Kisha huuliza kuhusu upepo. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki kuanzia Aprili hivi, na kaskazi hufika kutoka kaskazini-mashariki kati ya Desemba na Machi, katika miezi ya joto kali. Chumba chenye dirisha moja tu, hata likiwa kubwa namna gani, hakipitishi upepo, kwa sababu hewa haiingii mahali ambapo haina pa kutokea.

Hayo yote huamuliwa kabla ya tofali la kwanza na hayaongezi gharama yoyote. Ramani iliyopakuliwa mtandaoni, iliyobuniwa kwa nchi ambako watu wanalitafuta jua badala ya kulikimbia, haina hata moja kati ya hayo, na mwenye nyumba ataulipia ukimya wake kila mwezi kwenye bili ya umeme wa kiyoyozi. Nalisema hili kwa uchungu, kwani mitaa mipya ya miji yetu imejaa nyumba za kupendeza kwa nje ambazo wenyewe hawawezi kulala ndani yake mwezi Februari.

Ubunifu huenda sambamba na kile kinachoweza kujengwa. Nyumba za kale za mawe za Lamu zina vyumba virefu na vyembamba, upana wake ukiwa wa mita mbili na nusu hadi tatu hivi, na mgeni anaweza kudhani kwamba hayo yalikuwa mapendeleo ya wenyeji tu. Sababu iko darini: sakafu za juu zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka nafasi kubwa zaidi ya hapo bila kupinda. Waliobuni nyumba hizo walikipokea kikomo hicho wakakifanya utaratibu wa maisha, msana (ukumbi mrefu na mwembamba) mmoja nyuma ya mwingine, kila unapoingia ndani zaidi faragha ikiongezeka, na kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, kikileta mwanga na hewa. Hakuna aliyekuwa na cheti cha chuo, ila fikra iliyokuwa ikifanya kazi pale ndiyo ileile ambayo mwanafunzi wa leo hufundishwa kwa miaka kadhaa.

Mfano wa karibu zaidi uko Kariakoo kwenyewe. Soko kuu lililofunguliwa katikati ya miaka ya 1970 lilibuniwa na Beda Amuli, aliyesomea usanifu majengo Haifa, Israel, na kuhesabiwa kuwa Mtanzania Mwafrika wa kwanza katika taaluma hii. Alipewa tatizo lisilo jepesi: maelfu ya watu, mboga zinazooza, joto, mvua za masika, na eneo dogo katikati ya mitaa iliyobanana. Jibu lake lilikuwa kundi la miavuli mikubwa ya zege, kila mmoja ukisimama juu ya nguzo yake, iliyopangwa kwa urefu tofauti ili hewa yenye joto ipande na kutoka juu huku mwanga ukiingia bila jua kali. Kwa kuwa miavuli hiyo imegeuzwa, yaani katikati pameshuka na kingo zimeinuka, maji ya mvua hukusanyika na kuteremka. Chini ya sakafu ya soko akaweka ngazi nyingine ya kushushia na kuhifadhia bidhaa. Paa moja likawa mwavuli, dohani ya joto na mfereji wa maji kwa wakati mmoja. Soko liliungua Julai 2021, lakini anayetaka kumwonyesha kijana maana ya kusanifu hatapata somo bora zaidi ya paa lile.

Mtu akishaelewa hivyo, urefu wa masomo hautamshangaza tena. Shahada ya usanifu majengo Afrika Mashariki kwa kawaida huchukua miaka minne hadi sita kutegemea nchi na chuo. Tanzania, chuo kilichobeba jukumu hili kwa muda mrefu zaidi ni Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam, ambacho kilianza kama Chuo cha Ardhi, kikawa chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Kenya, Chuo Kikuu cha Nairobi kinahesabu historia ya idara yake tangu 1956, wakati kilipokuwa bado chuo cha ufundi cha kifalme. Makerere walianza mwaka 1989, na Rwanda ilifungua kitivo chake mwaka 2009. Kabla ya hapo wengi walilazimika kusafiri. Anthony Almeida, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1921 na kuijengea nchi hii baadhi ya majengo yake ya kisasa ya mwanzo, alikwenda kusomea Bombay.

Masomo ya darasani yapo: historia ya usanifu, vifaa vya ujenzi, nguvu za miundo, mazingira, sheria, usimamizi wa miradi. Hata hivyo moyo wa mafunzo uko studio. Mwanafunzi hapewi swali lenye jibu moja, hupewa tatizo. Tuseme ni zahanati ya kata kwenye kiwanja chenye mteremko. Ataenda na tepu kukipima kiwanja, ataangalia maji ya mvua yanapita wapi, ataongea na wauguzi, atachora kwa mkono, atafuta, atachora tena kwa kipimo cha 1:200 (sentimeta moja kwenye karatasi kwa kila mita mbili za jengo), halafu 1:100, halafu 1:50, na kila kipimo kitamfichulia kosa ambalo kilichotangulia kilikuwa kimelificha. Atakata karatasi ngumu na kuunganisha kielelezo kidogo cha jengo, mara nyingi usiku kucha. Kisha siku ya kuwasilisha atabandika kazi yake ukutani mbele ya jopo la wahadhiri na wasanifu walioalikwa kutoka nje, na wataanza kuuliza. Mgonjwa anayekohoa atasubiri wapi, na hewa anayoitoa itaelekea upande gani? Mama mjamzito anayeletwa na bajaji usiku ataingilia mlango upi? Kwa nini hatua hii ya ngazi imezidi nyingine kwa sentimeta mbili, ilhali mtu akishapanda hatua tatu mguu wake huwa umeshazoea kimo kimoja na lazima atajikwaa? Wapo wanafunzi wanaolia siku hiyo. Sipendi jopo linalodhalilisha, na vyuo vinapaswa kulikomesha pale lilipo, lakini kuulizwa maswali magumu hadharani na kuyajibu kwa sababu, bila kujitetea kwa hisia, ni sehemu ya kazi yenyewe. Mteja na halmashauri watauliza magumu zaidi.

Hapa ndipo pana dhana potofu inayowagharimu vijana wengi: kwamba siku ya mahafali mtu anakuwa msanifu majengo. Mhitimu ni mhitimu. Tanzania, ili atumie jina hilo na kupokea kazi kwa dhamana yake, lazima asajiliwe na AQRB baada ya kupitia kipindi cha mazoezi ya kazi chini ya mtaalamu aliyesajiliwa na kuthibitisha uwezo wake mbele ya bodi. Kenya ina bodi yake, BORAQS, chini ya Sura ya 525 ya sheria za nchi, yenye mitihani yake ya kitaaluma. Uingereza utaratibu umegawanywa katika sehemu tatu, na aliyemaliza mbili za kwanza bado haruhusiwi kujiita msanifu. Hesabu ya jumla, tangu mwaka wa kwanza wa chuo hadi usajili, mara nyingi huvuka miaka saba, na mzazi anayelipa ada anastahili kuambiwa hivyo mapema ili matarajio ya nyumbani yasije yakamvunja moyo kijana aliye katikati ya safari.

Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu muhuri wa msanifu kwenye mchoro unasema kuwa mtu huyu ameusoma, ameuelewa na yuko tayari kuujibia. Katika miaka ya mazoezi, mhitimu hujifunza mambo ambayo studio haiwezi kumfundisha: kuandika barua kwa mkandarasi aliyechelewa, kukataa kazi iliyofanywa vibaya hata kama fundi mkuu ana umri wa baba yake, kuongoza mkutano wa saiti, kutunza kumbukumbu ya kila agizo lililotolewa kwa mdomo, kukagua kasoro katika kipindi cha uangalizi baada ya makabidhiano. Wapo wanaouza muhuri wao, wakiupiga kwenye michoro ya watu wengine bila hata kuifungua. Kwangu mimi hakuna aibu kubwa kuliko hiyo katika taaluma hii, kwani jina linalonunuliwa kwa bei ya chakula cha mchana ndilo familia fulani italitegemea inapolala chini ya ile dari.

Dhana nyingine zinajibika kwa ufupi zaidi. Inasemwa kwamba asiyejua kuchora vizuri asijaribu. Kuchora kunafundishika, na mchoro wa msanifu ni chombo cha kufikiria na kuelekeza, haukusudiwi kutundikwa ukutani. Linalohitajika zaidi ni jicho linalotazama na uvumilivu wa kufuta. Inasemwa pia kuwa ni somo la sanaa, kwa hiyo hisabati inaweza kuachwa. Hapana, mwombaji wa Tanzania aliyesoma mchepuo wenye Hisabati, kama PCM au PGM, ana nafasi nzuri zaidi, na masharti kamili ya kila chuo huchapishwa na Tume ya Vyuo Vikuu katika mwongozo wa udahili wa kila mwaka, unaopaswa kusomwa moja kwa moja badala ya kutegemea maneno ya mtu wa steshenari. Zaha Hadid, mzaliwa wa Baghdad na mwanamke wa kwanza kupewa Pritzker, tuzo kubwa ya kimataifa ya usanifu majengo, mwaka 2004, alisomea hisabati Beirut kabla ya kugusa usanifu. Jina lake linagusa dhana ya tatu pia, ile ya kwamba saiti si mahali pa wanawake. Chama cha wasanifu cha Kenya, AAK, kiliongozwa kwa mara ya kwanza na mwanamke, Emma Miloyo, kuanzia mwaka 2017, na studio za vyuo vyetu zina mabinti wanaofanya kazi ya kiwango cha juu. Kinachowapunguza baadaye ni ofisi na saiti zisizowapa nafasi, jambo ambalo lipo ndani ya uwezo wa wenye ofisi kulibadilisha.

Kuhusu kompyuta na akili mnemba, hofu ina msingi lakini imeelekezwa vibaya. Programu kama AutoCAD, ArchiCAD na Revit zimeondoa saa nyingi za kazi ya mkono, na sasa mtu anaweza kuandika sentensi moja akapewa picha ya nyumba inayong'aa. Picha hiyo haijui kwamba nyuma ya kiwanja hupita mkondo unaojaa kila masika, kwamba bibi wa nyumba hii anatembelea kiti cha magurudumu, wala kwamba fedha za mteja zitaishia kwenye lenta. Atakayepoteza kazi ni yule aliyekuwa akiuza picha tu.

Kuna dhana ya umaskini na kuna dhana ya utajiri, na zote mbili hudanganya. Ada ya msanifu kwa kawaida hukokotolewa kama asilimia ya gharama za ujenzi na kulipwa kwa hatua, kufuatana na kazi iliyokamilika: michoro ya awali, michoro ya kina, zabuni, usimamizi. Kwa mradi mkubwa hiyo ni fedha ya maana. Lakini ofisi nyingi ni ndogo, wateja wengi huomba wachorewe “kidogo tu” kabla ya kukubaliana chochote, malipo ya miradi ya umma yanaweza kukawia, na mhitimu wa mwaka wa kwanza mara nyingi hupokea posho inayomtosha nauli na chakula. Anayetafuta fedha ya haraka atachoka njiani. Kwa upande mwingine, ajira hazipo ofisi binafsi peke yake: Wakala wa Majengo Tanzania, Shirika la Nyumba la Taifa, halmashauri, benki, kampuni za ujenzi na za uendelezaji wa makazi, na taasisi za uhifadhi wa miji ya kale kama Mji Mkongwe wa Zanzibar, zote huhitaji watu wenye mafunzo haya. Aidha, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilitia saini makubaliano ya kutambuana kwa wasanifu majengo mwaka 2011, ingawa kila bodi inabaki na masharti yake. Anayefikiria Ulaya, Marekani au nchi za Ghuba ajue kwamba shahada yake haitageuka moja kwa moja kuwa leseni huko. Kuna tathmini, saa za mazoezi na mitihani ya nchi husika, hivyo ni vyema awaulize wasajili wa huko kabla ya kuchagua chuo.

Je, na mtoto wa fundi, wa kijijini, asiyejua mtu yeyote mwenye ofisi? Mwangalie Francis Kéré. Alizaliwa mwaka 1965 katika kijiji cha Gando, Burkina Faso, na akafika Berlin kwa ufadhili wa kujifunza useremala. Akasoma hadi akaingia chuo kikuu, na kabla hajamaliza shahada yake alikusanya fedha na kujenga shule ya msingi kijijini kwao, iliyokamilika mwaka 2001, akishirikiana na wanakijiji wenyewe. Kuta ni za matofali ya udongo wa pale ulioimarishwa kwa saruji kidogo. Paa la bati ameliinua juu ya dari kwa fremu nyepesi za chuma, ili hewa ipite kati na kuondoka na joto kabla halijawafikia watoto. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker. Tuzo yenyewe si hoja yangu. Hoja ni kwamba useremala wake haukumchelewesha: ulimpa mikono inayojua vitu vinaungana vipi, na ujuzi huo vijana wengi wa kwetu wanao tayari kwa kushinda saiti na wajomba zao.

Njia ya stashahada nayo ni halali. Kijana aliyekwama kidato cha nne au ambaye hakupata alama za kutosha kidato cha sita anaweza kuanzia chuo cha ufundi kama fundi sanifu, akafanya kazi, kisha akaomba shahada akiwa na uzoefu ambao wenzake hawana. Itamchukua muda zaidi, na katika studio mara nyingi yeye ndiye anayejua kenchi inavyofungwa wakati wengine wameiona kwenye picha tu.

Kwa anayesubiri matokeo, kuna kazi anayoweza kuianza wiki hii bila kulipa ada. Achukue tepu ya mita tano, daftari na penseli, aipime nyumba anayoishi chumba kwa chumba, unene wa kuta ukiwamo, kisha aichore kwa 1:50, yaani sentimeta mbili kwenye karatasi kwa kila mita moja ya nyumba. Achore madirisha mahali yalipo hasa. Aweke alama ya mahali jua linapoingia saa mbili asubuhi na saa kumi jioni, na mahali familia inapopenda kukaa jioni, ambapo mara nyingi hapatakuwa pale fundi alipokusudia sebule iwe. Baadaye aubebe mchoro huo hadi ofisi ya msanifu aliyesajiliwa iliyo karibu naye, ambaye jina lake anaweza kulithibitisha kwenye orodha ya bodi, na aombe kukaa hapo likizo moja akiangalia, akipanga karatasi na kwenda saiti akiruhusiwa. Ofisi nyingi zitamkataa kwa sababu ya nafasi. Aende na ya pili, aende na ya tatu, na kila aendako aufungue mchoro wake mezani kabla hajaanza kujieleza.